Unasafiri, mtu anabaki kukaa na nyumba: namna ya kuandaa jiko, gesi, maji na LUKU

Mama Kibaraza (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Likizo ya Desemba ikikaribia watu hufunga safari kwenda mikoani, na nyumba anaachiwa mdogo mtu, mpwa au rafiki wa familia. Mgeni anakabidhiwa funguo getini gari likiwa limeshawashwa, anaambiwa "usiwe na wasiwasi, kila kitu kipo." Kesho yake simu zinaanza: maji hayapandi, friji limezima, gesi inanuka, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) inapiga kelele. Mgeni hana kosa. Nyumba zetu za Dar zina koki, swichi na mazoea ambayo mwenye nyumba anayafanya bila hata kufikiri, kwa hiyo hakumbuki kuyataja.

Ninachowashauri: mgeni afike siku moja kabla hujaondoka, na chakula cha jioni apike yeye. Wewe kaa, usimfungulie kabati wala usimwelekeze. Kila atakachouliza, kiandike: chumvi iko wapi, maji ya kupikia yanatoka koki ipi, mbona pleti hii haiwaki. Hiyo ndiyo karatasi ya kubandika mlangoni mwa friji. Ukikaa peke yako kuiandika utaweka nywila ya Wi-Fi na siku ya gari la taka, halafu usahau kwamba kiwashio cha pleti ya kushoto kimekufa na inataka kiberiti.

Vitu visivyohamishika (koki, swichi, pampu) viandikie palepale vilipo. Tepu ya karatasi na kalamu ya wino mzito vinatosha. Mtu akiwa gizani na maji yanamwagika hakimbilii kusoma mlango wa friji.

Jikoni, toa nafasi kwanza. Rafu moja ya kabati na rafu moja ya friji ziwe tupu kabisa, ajue ni zake. Sufuria anazoruhusiwa kutumia ziweke karibu. Zile usizotaka ziguswe zifungie chumbani, kwa sababu kumwambia mtu "hizi usitumie" na huku ziko mbele yake ni kumpa mtihani bure. Kikaango kisichoshika kiache pamoja na mwiko wa mbao. Kijiko cha chuma kikipita humo mara mbili tu, kimekwisha.

Chakula cha kumwachia mtu mmoja kwa wiki mbili: mchele kilo 3, sembe kilo 2, maharage kilo 1, mafuta lita 1, sukari kilo 1, vitunguu kilo 1, chumvi, majani ya chai, viungo na viberiti kama viwili. Nyanya na mboga atanunua mwenyewe. Dona usimwachie nyingi, maana imesagwa na kiini chake chenye mafuta, na kwenye joto la Dar huanza kuwa chungu mapema kuliko sembe. Unga unaotaka ukae muda mrefu ufunge vizuri, uweke friza siku nne, mayai ya wadudu yatakufa. Ukiutoa usiufungue hapohapo. Uache upate joto la nyumba ukiwa bado umefungwa, la sivyo unyevu wa hewa utaingia na unga utashika mabonge.

Dawa ya mende pulizia siku mbili au tatu kabla mgeni hajafika, kisha osha meza, pleti za jiko na vyombo vyote vilivyokuwa wazi. Nimeona watu wanapuliza asubuhi ya safari na mgeni anaingia jioni kukata kachumbari pale pale.

Mafundi mliopo humu karibuni kwenye gesi, maji na umeme.

Fundi Mpira

Mama umesema vyema. Nianze na gesi maana hapo ndipo penye hatari.

Kwanza mgeni ajue gesi imebaki kiasi gani. Mtungi mtupu uzito wake umegongwa au kuandikwa shingoni au mkononi. Chukua mizani, pima, toa. Mfano, umeandikwa 14.8 na mizani inasoma 20, basi ndani kuna kilo 5.2. Pleti kubwa ikiwaka kwa nguvu zote hula takriban gramu 200 kwa saa, kwa hiyo kilo 5.2 ni kama saa 26 za moto mkali. Kwa anayepika saa mbili kwa siku hizo ni takriban wiki mbili, na zaidi kama anapunguza moto sufuria ikishachemka. Kama huna mizani, mwaga maji ya moto ubavuni mwa mtungi kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Pale unapokuta ubaridi wa ghafla ndipo gesi ilipoishia.

Pili, mgeni abadilishe mtungi kwa mikono yake mbele yako, hata kama uliopo haujaisha. Utaratibu: zima pleti zote, funga regyuleta, ichomoe. Chungulia kinywa cha valvu ya mtungi mpya. Kuna kipete kidogo cha mpira mle ndani, na hicho ndicho kinachovujisha mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kikiwa kimekatika, kimepinda au hakipo kabisa, mtungi urudi dukani siku hiyohiyo. Kikiwa kizima, kandamiza regyuleta mpaka ilie "ka!", ivute juu kuhakikisha imeshika, ndipo ufungue.

Baada ya hapo paka povu zito la sabuni ya unga kwenye kiungo cha regyuleta, mwanzo wa mpira na mwisho wa mpira nyuma ya jiko. Tazama nusu dakika. Povu likitulia, salama. Vikianza kuchomoza viputo vinavyokua na kupasuka, funga. Kiberiti kisitumike kupimia hata siku moja.

Mpira uukunje kidogo kwa vidole. Ukiona nyufa ndogondogo kama za kisigino, badilisha kabla ya safari pamoja na klipu zake mbili. Mpira usipite nyuma ya jiko lenye tanuri wala kugusa ukuta unaopata moto.

Jambo moja linalowatisha wageni: gesi ikikaribia kuisha harufu huwa kali zaidi, maana ile dawa ya harufu hubaki chini na kujilimbikiza. Povu bado lipakwe, ila mwambie mapema ili asije akaikimbia nyumba usiku.

Binti Mzigua

Fundi, na ikinuka kweli usiku amelala? Naomba hatua za kuandika kwenye karatasi.

Fundi Mpira

Dada, andika hivi: Usiwashe wala usizime swichi yoyote, hata taa, hata feni. Funga regyuleta kama unaifikia bila shida. Fungua milango na madirisha, ukianza na mlango wa jikoni, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kutokea mlangoni kuliko dirishani. Toka nje. Simu ipigwe ukiwa nje. Zimamoto ni 114, polisi 112.

Tochi iliyokwisha kuwashwa nje ya nyumba haina tatizo. Ya kuwashia mle ndani, hapana.

Na kwa wale wenye jiko la mkaa la akiba: mwambieni mgeni lisiingie ndani, hata mvua ikinyesha, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Bomba la Kimara

Maji sasa. Nyumba nyingi huku zina maji ya aina mbili, ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) na ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Mwenye nyumba anajua koki ya jikoni ya kulia ni ya DAWASA na ya kushoto ni ya kisima. Mgeni hajui, anateleka maharage kwa maji magumu ya kisima, yanachemka jioni nzima hayaivi, anamaliza gesi. Andika juu ya kila koki: KUPIKA, KUOSHA.

Pampu ndiyo inayoungua sana wenyewe wakisafiri. Pampu ndogo ya nusu hospawa ikipandisha maji kwenye tanki la lita 1,000 lililoko juu huchukua kama dakika 40 hivi, inategemea urefu wa mnara. Wewe pima ya kwako kwa saa, uandike pembeni ya swichi muda halisi. Kama tanki halina boya la umeme la kuzima lenyewe, mgeni aweke alamu ya simu kabla hajabonyeza swichi. Akisahau, tanki la juu linamwagika mpaka la chini linaisha, halafu pampu inazunguka kavu. Ile sili iliyoko kwenye shafti hupozwa na maji yenyewe; bila maji inapata moto, inapasuka, na kesho yake pampu inavuja kwenye shingo.

Sheria ya kumpa ni fupi: ukiwasha pampu, dakika mbili zikapita husikii maji yakidondoka kwenye tanki, zima. Angalia kwanza kama tanki la chini lina maji. Kama yapo, pampu imeingiza hewa. Fungua ile nati iliyo juu ya kichwa cha pampu, mimina maji taratibu mpaka yafurike bila mapovu, funga, washa tena. Ikirudia kesho yake, futi valvu (ile valvu ya mwisho wa bomba la kunyonya) imechoka au kuna kiungo kinavuta hewa. Hapo aitwe fundi, asiendelee kujaribu.

Mwonyeshe pia koki kuu inayofunga maji ya nyumba nzima na azungushe kwa mkono wake. Koki ambayo haijaguswa miaka hushika kutu, unakuta siku bomba limepasuka haizunguki. Kama ni ngumu, ibadilishwe kabla hujasafiri.

Maji yakirudi baada ya tanki kukauka, koki zitakohoa na kutema hewa. Afungue koki ya chini kabisa, ile ya bustani, mpaka maji yaje mfululizo. Shawa ya kuchemsha maji isiwashwe mpaka maji yawe yametulia, maana koili yake ikiwaka bila maji inakatika palepale.

Kaka Transfoma

LUKU: namba ya mita (tarakimu 11) iandikwe kwa herufi kubwa, na mgeni aingize tokeni moja mbele yako. Tokeni ina tarakimu 20, na kile kidude cha kuingizia kilichoko ndani kina betri. Weka betri mpya. Betri zikifa, kidude hakiongei na mita iliyoko nguzoni, na mtu anabaki na tokeni mkononi na nyumba giza.

Mwelezeni pia kodi ya jengo. Inakatwa kwenye LUKU, ununuzi wa kwanza wa kila mwezi, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Kwa tarifa ya kawaida ya nyumbani 10,000 inatoa takriban uniti 28, lakini tarehe moja atapata karibu 24 na kudhani ameibiwa. Kwa ghorofa makato ni makubwa zaidi.

Walioko kwenye tarifa ya chini (D1) wana habari nyingine. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya makato, zikivuka hapo ni 350. Mgeni anayechemsha maji ya kuoga kwa birika la wati 2,000 na kupiga pasi kila asubuhi atakuvusha hapo kabla mwezi haujaisha. Mwambie wazi, na kama kuna gesi ya kutosha mwombe maji ya kuoga achemshe kwa gesi.

Mzee wa Pugu

Mimi nashauri umwachie hela ya umeme mkononi. Habari ya kununua wewe na kutuma tokeni ukiwa safarini inakwama, mtandao haupo, simu imezima, mtu analala giza.

Kaka Transfoma

Mzee wangu, shikamoo. Hela ya mkononi ina faida, ila inachanganyika na hela ya mboga. Bora ununue uniti zote za muda huo na kuziingiza kabla ya safari, kisha uache ya dharura kidogo. Angalia matumizi yako ya wiki iliyopita kwenye mita, zidisha kwa wiki utakazokuwa nje, ongeza robo. Uniti haziozi.

Mzee wa Pugu

Marahaba mwanangu. Hapo tumeelewana.

Friji na AC Mbagala

Kwenye friji kitu kinachosumbua wageni ni friji gadi, kile kifaa cha kulilinda friji na umeme mbaya. Umeme ukikatika na kurudi, gadi inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu friji, ili kompresa isianze huku presha ya gesi ndani haijatulia. Mgeni anaona taa za nyumba zinawaka na friji kimya, anachomoa gadi na kuchomeka friji moja kwa moja ukutani. Umeme ukija mkubwa mara moja tu, kompresa imekwenda. Andika kwenye plagi: SUBIRI DAKIKA 5, USICHOMOE.

Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Friji lililofungwa hushika ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa hushika kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa hiyo friza yenye nafasi ijazeni chupa za plastiki zenye maji, mziache tupu kidogo juu maana barafu huvimba.

Kujua kama umeme ulikatika muda mrefu wakati hakuna mtu: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kirudishe. Mgeni akirudi baada ya siku mbili nje akakuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka ikaganda upya, na nyama na samaki wa humo hawaliwi.

Friji la kuyeyusha barafu kwa mkono liyeyushwe kabla ya safari. Mgeni asiachiwe barafu nene, atachukua kisu. Ncha ya kisu ikitoboa bomba la alumini kwenye kuta za friza, gesi yote inatoka.

Binti Mzigua

Wengine wanasema kama unaenda zaidi ya mwezi uache friza tupu kabisa uizime. Kuna ukweli?

Friji na AC Mbagala

Kama mgeni haitumii, ndiyo. Izime, ifute, ikauke, na mlango uegeshwe kwa kipande cha ubao usijifunge. Friza iliyozimwa na kufungwa ikiwa na unyevu inaota ukungu kwenye raba ndani ya siku chache. Ila kama kuna hata kilo mbili za samaki wake, iache iwake na chupa za maji.

Mama Kibaraza

Nimkubali fundi, lakini niongeze: samaki na nyama zako za bei utakazotaka kuzikuta, ziandike tarehe na jina. Vilivyobaki mwambie ale. Mtu mwenye heshima zake anaweza kukaa na njaa mbele ya friza iliyojaa kwa kuogopa kugusa.

Mwanamvita

Salamu kutoka Mombasa. Huku mtungi wa nyumbani ni wa kilo 6 au 13, na stima ni tokeni za KPLC, lakini mambo ni yale yale. Nyongeza yangu ni presha kuka, maana maharage na mbaazi hazipikwi bila hiyo siku hizi. Mgeni aonyeshwe raba ya kifuniko na kitundu cha mvuke. Maharage yasizidi nusu ya sufuria, vyakula vingine visizidi theluthi mbili, kwa sababu maharage hutoa povu na maganda, yakapanda yakaziba kitundu. Ashike kifuniko juu kwenye mwanga na kuchungulia kitundu kabla ya kufunga. Akiona upande wa pili, sawa. Na hakifunguliwi mpaka kipini cha presha kianguke chenyewe.

Kuku wa Chanika

Kama kuna kuku wa mayai: gramu 110 hadi 120 za chakula kwa kuku mmoja kwa siku. Usimwambie mgeni "wape kiasi". Chukua kopo, pima kwa mizani, piga mstari kwa kalamu. Maji yawe angalau mara mbili ya uzito wa chakula, na wakati wa joto zaidi, yabadilishwe asubuhi na mchana. Chanjo ya mdondo ya I-2, ile ya tone la jicho, hurudiwa kila miezi mitatu. Tarehe ikiangukia ukiwa safarini, ichanje kabla.

Komeo

Usalama kwa ufupi. Seti mbili za funguo: moja ya mgeni, moja kwa jirani unayemwamini, na wote wawili wajuane uso kwa uso. Rangi tofauti kwa geti, grili na mlango wa jikoni. Usiku funguo ya grili ining'inizwe mahali pamoja karibu na mlango, pasipoonekana kutoka dirishani, kwa sababu moto ukitokea hakuna muda wa kutafuta funguo kwenye mifuko ya suruali.

Mpeleke kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa umtambulishe kwa jina na muda atakaokaa. Bila hivyo, siku anatoa mtungi wa gesi nje kwenda kubadilisha, majirani watamzuia, na watakuwa na haki.

Chumba chenye hati na vitu vyako vya siri kifunge, umwambie kimefungwa. Piga picha za kila chumba mkiwa pamoja, naye abaki nazo. Zinamlinda yeye kuliko zinavyokulinda wewe.

Binti Mzigua

Mafundi asanteni. Swali la mwisho: nyumba ina shimo la maji taka la zamani. Kuna la kumwambia?

Bomba la Kimara

Lipo. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango yasimwagwe sinki. Yafutwe kwa gazeti yaende kwenye taka. Pedi na nepi zisiingie chooni, weka ndoo yenye kifuniko. Dawa kali za kuua vijidudu zisimiminwe nyingi, zinaua bakteria wanaosaga uchafu shimoni. Na kama shimo halijanyonywa muda mrefu, funua mfuniko uangalie wiki moja kabla ya safari. Maji yakiwa yamefika kwenye bomba linaloingia, ita gari la kunyonya wewe mwenyewe. Mgeni hajui bei yake wala njia ya kulipitisha, na mara nyingi mfuniko wenyewe uko chini ya maua.